Kupima Maji ya Karafuu kwa Rangi na kwa Mwanga



Kila msimu wa karafuu unapoingia, katika mikutano ya matawi huzuka swali lile lile: karafuu zimekauka au bado? Mkulima asema zimekauka, kwani amezipindua juani siku nne au tano, amezivunja kwa vidole na kuzisikia zikilia. Mnunuzi naye achoma bambo katika gunia, atoa kiganja kimoja, azimimina katika chombo chake, kisha asema maji yamezidi. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Na mara nyingi mwenye chombo ndiye ashindaye, maana mwenye vidole hana namba ya kumjibu.

Kwa hiyo tumeonelea vema kuleta somo juu ya elimu ya kutambua maji kwa rangi na kwa mwanga. Si uchawi wala si mambo ya mbali. Sehemu yake moja ni rahisi hata tawi lolote lenye chupa ya kioo na kadi ndogo laweza kuifanya. Sehemu nyingine ni ya maabara na ya mashine za fedha nyingi. Lakini mkulima aijuaye hata hiyo atajua la kuuliza siku karafuu zake zitakapokataliwa.

MAJI NA MIZANI

Kwanza na tutazame hesabu, kwa kuwa ndiyo inayogusa mfuko. Karafuu mbichi za kilo tatu zikikauka vizuri hutoa kama kilo moja tu. Yaani theluthi mbili za mzigo aliouteremsha mchumaji mtini ni maji. Kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 2254 chataka karafuu nzima zisizidi maji 12 kwa mia, na karafuu za kusagwa zisizidi 10.

Sasa chukua mtu mwenye kilo 100 za karafuu zenye maji 16 kwa mia. Ndani yake mna kilo 16 za maji na kilo 84 za karafuu yenyewe. Wengi hudhani kwamba kutoka 16 kushuka hadi 12 ni kupoteza kilo 4 basi. Sivyo. Zile kilo 84 hazipungui. Zatakiwa ziwe sehemu 88 katika mia ya mzigo mpya. Gawanya 84 kwa 88, zidisha kwa 100, utapata kilo 95 na karibu nusu. Kwa hiyo yapasa maji ya kilo 4 na nusu na zaidi kidogo yatoke.

Aliyeharakisha kuanua atakatwa au atarudishwa na mzigo wake. Lakini yuko na mwingine ambaye hatumzungumzi sana, naye ni yule mwenye hofu. Huyu huziacha karafuu juani mpaka zishuke hadi maji 8 kwa mia. Kilo 100 zilizokuwa na maji 12 sasa ni kilo 95 na theluthi mbili. Kilo 4 na theluthi moja amelipa jua sadaka, wala hapana mnunuzi atakayemshukuru. Tena karafuu iliyokauka kupita kiasi huvunjika, vichwa hudondoka, na karafuu zisizo vichwa huhesabiwa kuwa kasoro. Hasara iko pande zote mbili, na kati yake ni njia nyembamba ambayo vidole peke yake haviwezi kuiona.

KWA NINI TANURI HUDANGANYA

Mtu atasema: kupima maji ni jambo jepesi, pima uzito, oka katika tanuri ya maabara, pima tena, na kilichopungua ndicho maji. Kwa mchele na mahindi neno hilo ni sawa. Kwa karafuu si sawa hata kidogo, na hili ni jambo ambalo kila mwanachama apaswa kulijua.

Karafuu kavu iliyo nzuri huwa na mafuta yake yenye harufu kati ya 15 na 20 kwa mia, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli. Yujenoli peke yake huchemka kwenye joto la nyuzi 254 za Selsiasi, ambalo tanuri hilo halilifikii. Lakini penye mvuke wa maji, mafuta haya huchukuliwa na mvuke na kutoka mapema zaidi. Sisi watu wa visiwa hatuhitaji kuambiwa hayo, maana kiwanda cha makonyo cha Wawi, Pemba, chakamua mafuta kwa kanuni hiyo hiyo. Basi karafuu ikiokwa hutoa maji pamoja na mafuta, na mizani haijui kutofautisha. Mafuta huandikwa kuwa ni maji. Natija yake ni kwamba karafuu bora yenye mafuta mengi ndiyo yaweza kuonekana ina maji mengi, na karafuu hafifu iliyopoteza mafuta yake ikapita salama. Kipimo cha namna hiyo chamwadhibu mkulima hodari.

Kwa sababu hiyo, kwa viungo wataalamu hutumia njia nyingine, nayo imeandikwa katika kiwango cha ISO 939. Karafuu zilizosagwa hutiwa katika chupa yenye tolueni, kisha huchemshwa. Mvuke wa maji na wa tolueni hupanda pamoja, hupozwa, na hudondokea katika mrija wenye alama za vipimo. Mrija huo watokana na kazi ya Wamarekani wawili, Dean na Stark, waliyoitangaza mwaka 1920. Tolueni ni nyepesi kuliko maji na haichanganyiki nayo, basi maji hukaa chini na tolueni juu. Mafuta ya karafuu huyeyuka ndani ya tolueni na kubaki huko. Mtu husoma maji peke yake kwa macho, mililita kwa mililita. Tolueni hushika moto upesi na mvuke wake una sumu. Basi kazi hii ni ya maabara tu, asiijaribu mtu nyumbani.

Iko njia nyingine aliyoivumbua Mjerumani Karl Fischer mwaka 1935. Yeye alitumia ayodini pamoja na dioksidi ya salfa. Kila chembe ya maji hula chembe moja ya ayodini. Mpimaji hudondosha ayodini kidogo kidogo, nayo yapotea rangi maadamu maji yangalipo. Maji yakiisha, tone linalofuata halina la kulila, na kile kioevu hubaki na rangi ya hudhurungi. Hapo mpimaji husimama na kusoma ni ayodini kiasi gani imeliwa. Angalieni kwamba hapa aliyetoa hukumu ni rangi, wala si mizani.

RANGI YAJUAJE MAJI?

Rangi ya kitu ni mwanga uliosalia baada ya kitu hicho kula sehemu yake. Jani hula mwekundu na buluu, likaturudishia kijani. Sasa, ikiwa kuna kitu ambacho kikikutana na maji hubadili ule mwanga kinachoula, basi kitu hicho ni shahidi wa maji. Hiyo ndiyo maana ya kihisi cha kikemia cha mwanga: pawe na dawa ishikamanayo na maji, pawe na mwanga ubadilikao kwa kushikamana huko, na pawe na jicho la kuusoma, liwe la mtu au la mashine.

Shahidi mkongwe kuliko wote ni kloridi ya kobalti. Mwaka 1737 Mfaransa Jean Hellot alieleza juu ya wino wa siri uliotengenezwa kwa chumvi ya kobalti. Ukiandika nao, maandishi hayaonekani, kwa kuwa rangi yake ni waridi iliyofifia mno. Pasha karatasi moto, na maneno yatokea ya buluu. Iache ipoe na kuvuta unyevu wa hewa, nayo yapotea tena. Baadaye watu wa Ulaya wakafanya maua ya karatasi yaliyochovywa katika dawa hiyo, yakawa yageuka rangi kabla ya mvua, wakayatundika ukutani kama mapambo ya kubashiri hali ya hewa.

Siri yake ni hii. Kloridi ya kobalti iliyo kavu ni buluu. Ikipata maji, chembe za maji hujishikiza nayo, sita kwa kila kobalti moja, na mpangilio huo mpya hula mwanga mwingine. Ndipo yaonekana waridi. Ikikaushwa maji huondoka, na buluu hurudi. Yaweza kwenda na kurudi mara nyingi.

Wengi wenu mmeiona dawa hii bila kuijua. Ndani ya sanduku la viatu vipya au la redio huwamo kifuko kidogo cha chembe ngumu. Hiyo ni silika, ambayo kazi yake ni kunywa unyevu. Chembe nyeupe hazisemi kitu. Lakini zile za buluu zimetiwa kobalti ili zikishiba maji ziwe waridi, na mtu ajue kwamba hazifai tena mpaka zikaushwe. Siku hizi zimezidi zile za rangi ya machungwa, na iko sababu. Mwaka 2008 Jumuiya ya Ulaya iliiweka kloridi ya kobalti katika orodha ya vitu vya kutiliwa hadhari kubwa, kwa kuwa kuvuta vumbi lake kwaweza kuleta saratani. Chembe za machungwa hutumia rangi nyingine, na nyingi zake zikishiba maji hugeuka kijani.

Kadi ya unyevu ni kipande cha karatasi nene chenye madoa kadhaa, na kando ya kila doa imeandikwa namba: 10, 20, 30, hata 60. Kila doa limetiwa dawa kwa kadiri yake, ili ligeuke hewa inapofika unyevu wa namba ile. Doa lililo kavu ni buluu, lililopitwa ni waridi, na lile lililo kati, lenye rangi ya zambarau hafifu, ndilo lisomwalo. Ziko kadi zisizo na kobalti pia, nazo rangi zake ni nyingine; mnunuzi wa kadi na asome maelezo yaliyochapwa juu yake.

JARIBIO LA CHUPA

Hapa tutakaa kidogo, maana ndiyo sehemu tunayotaka matawi yaifanye.

Tafuta chupa ya kioo yenye mdomo mpana na mfuniko wa kukaza, kama zile za achari au za siagi ya karanga. Ioshe, ikaushe kabisa. Chukua karafuu kwa bambo kutoka katikati ya gunia, na kutoka magunia mbalimbali, si za juu tu. Za juu husema habari za jua la leo, na za katikati ndizo husema habari za gunia. Jaza chupa theluthi mbili. Bandika kadi upande wa ndani wa mfuniko kwa kipande cha gundi ya karatasi, isiguse karafuu. Funga kwa nguvu. Weka chupa kivulini penye ubaridi, usiku kucha.

Kwa nini usiku kucha? Kwa sababu karafuu hukauka nje kwanza. Kichwa chake na mkia wake hubaki na maji ndani huku ganda likilia kwa ukavu. Na huyu ndiye anayewadanganya vidole. Ukisoma baada ya dakika kumi utasoma ganda. Ukisubiri mpaka asubuhi, maji ya ndani yatakuwa yamekwisha kutoka na kusawazika na hewa ya chupa, na kadi itasema kweli.

Asubuhi soma. Ukungu wa karafuu hauangalii ni kilo ngapi za maji zimo katika gunia. Waangalia hewa iliyo baina ya karafuu na karafuu ina unyevu gani. Wataalamu wa viungo kwa kawaida hutaka unyevu huo usizidi 65 kwa mia. Basi doa la 60 likiwa bado buluu, karafuu hizo zaweza kufungwa na kuwekwa ghalani. Likiwa zambarau, ziko ukingoni. Siku moja ya jua haitadhuru. Likiwa waridi kamili, hazijawa tayari, hata zikilia namna gani mkononi.

Yako mambo matatu ya kuangaliwa.

La kwanza ni joto. Kobalti ikiwa ya moto huelekea kwenye buluu, kwa hiyo kadi yenye joto huonyesha ukavu ambao haupo. Mtu akizoa karafuu kutoka jamvini saa nane za mchana, akazifunga chupani zingali zinachoma, akasoma hapo hapo, atafurahi bure. Karafuu zipoe kwanza, na chupa isikae juani.

La pili ni kuijaribu kadi yenyewe kabla ya kuiamini, na kwa jambo hili hapana haja ya maabara. Tia vijiko viwili vya chumvi ya mezani katika kifuniko kidogo, iloweshe kwa maji machache hata iwe kama uji mzito ambao punje zake bado zaonekana. Weka kifuniko hicho ndani ya chupa tupu, bandika kadi juu, funga mpaka kesho yake. Hewa iliyo juu ya chumvi ya namna hii, katika joto letu la kawaida, hukaa kwenye unyevu wa 75 kwa mia, haizidi wala haipungui ila kwa kidogo. Ndiyo sababu chumvi ya jikoni hulowa peke yake wakati wa masika: hewa ya nje imepita 75. Basi kadi nzuri katika chupa hiyo itageuza madoa yote mpaka lile la 60 kuwa waridi. Doa likibaki buluu, kadi hiyo imekufa, itupwe. (Wako watu wapimao nafaka kwa kutikisa chumvi kavu pamoja nayo chupani, ikinata kwenye kioo wasema haijakauka. Njia hiyo ina ukweli, lakini kwa karafuu imechelewa mno: chumvi hainati mpaka unyevu upite 75, na ukungu haungojei hapo.)

La tatu ni hadhari. Kadi isitafunwe na mtoto, isiguse chakula, na aliyeishika anawe mikono. Karafuu za chupani zisirudishwe guniani. Ni kiganja kidogo tu, na afya ya mlaji ni kubwa kuliko kiganja.

Sasa twataka msikosee katika jambo moja. Kadi yapima hewa iliyozunguka karafuu. Haikuambii kwamba karafuu zako zina maji 12 au 13 kwa mia. Haya ni mambo mawili, ingawa ni ndugu. La kwanza lasema karafuu zitalala salama ghalani au la. La pili ndilo liandikwalo katika mkataba wa mauzo, nalo hutolewa na maabara kwa njia ya tolueni. Mwanachama akienda kituoni na kadi yake akadai kwamba kadi imesema 12, atachekwa, na atakuwa amestahili. Lakini tawi laweza kufanya jambo la busara: wapeleke maabara sampuli chache za karafuu ambazo zimekwisha pimwa chupani, waandike daftarini kadi ilisema nini na maabara ikasema nini. Baada ya misimu miwili tawi litakuwa na kitabu chake la kulinganishia, na hapo kadi ya bei nafuu itaanza kusema lugha ya mnunuzi.

MWANGA USIOONEKANA

Tumezungumza juu ya rangi zionekanazo. Upo pia mwanga ambao jicho haliuoni. Mwaka 1800 William Herschel, mnajimu aliyekuwa akikaa Uingereza, alipitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, akaweka kipimajoto katika kila rangi. Alipokiweka nje ya nyekundu, mahali ambapo macho hayaoni kitu, kipimajoto kikapanda. Kumbe upo mwanga baada ya mwekundu. Ndio uitwao infraredi.

Maji huupenda sana mwanga huu, wala hauli wote kwa usawa. Chembe ya maji hutetemeka kwa namna zake maalumu, na hula mwanga ulioafikiana na mitetemo hiyo. Mahali pawili pajulikanapo zaidi ni penye urefu wa wimbi wa nanomita 1450 na nanomita 1940. Nanomita ni mita moja iliyogawanywa sehemu bilioni moja. Katika miaka ya 1950 na 1960, Karl Norris wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, akifanya kazi Beltsville, aliutumia mwanga huo kupima maji ya nafaka na mbegu. Alichokifanya chaweza kuelezwa kwa maneno machache: mulika mbegu kwa mwanga wa infraredi, pima mwanga uliorudi, pale penye 1940 mwanga ukipungua sana, maji ni mengi. Kutokana na kazi hiyo zimetoka mashine zilizoenea leo katika vinu vya unga duniani, nazo hutoa jibu kwa dakika moja au chini yake, bila kusaga wala kuchemsha.

Kwa karafuu mashine hii ina fadhila yake. Ule mtetemo wa 1940 ni wa maji hasa, kwa kuwa watokana na chembe ya maji kujinyoosha na kujipinda kwa pamoja. Penye 1450 pana mashaka zaidi, maana yujenoli nayo ina oksijeni iliyoshikana na haidrojeni, na hula mwanga jirani na pale. Fundi anayejua kazi yake huchagua mahali pa kusoma, au husoma mahali pengi akatenganisha kwa hesabu.

Na hapa ndipo lilipo swali la mwanachama kwa mwenye chombo. Mashine ya mwanga haizaliwi ikiijua karafuu. Yapasa ifundishwe: ionyeshwe karafuu nyingi, mbichi kiasi, kavu kiasi, na kavu sana, ambazo maji yake yamekwisha pimwa kwa njia ya tolueni, kisha isawazishwe kwa namba hizo. Mashine iliyofundishwa mahindi haijui karafuu, na ikiambiwa iseme itasema uongo kwa utulivu mkubwa. Ndivyo ilivyo pia kwa vile vyombo vidogo vya umeme vya kushika mkononi, ambavyo havitumii mwanga bali hupima jinsi umeme unavyopita au kuhifadhika katika nafaka. Mafuta, umbo la karafuu, na jinsi zilivyoshindiliwa katika kikombe chake, yote hayo huvichanganya. Basi ukiambiwa maji yamezidi, usigombane. Uliza kwa adabu: chombo hiki kimesawazishwa kwa karafuu? Lini? Na kwa njia gani? Mnunuzi mwaminifu hatachukia maswali hayo, na penye shaka sampuli yaweza kufungwa mbele ya pande zote mbili na kupelekwa maabara, mathalan kwa kushauriana na Taasisi ya Viwango Zanzibar.

MASHAHIDI WAPYA

Kuna dawa nyingine tutakazozitaja kwa upesi. Mwaka 1963, huko Marburg, Ujerumani, Karl Dimroth na Christian Reichardt walieleza juu ya rangi moja ya ajabu. Ukiiyeyusha katika methanoli huwa nyekundu, katika ethanoli zambarau, katika asetoni kijani. Rangi ni ile ile moja. Ni kioevu ndicho kinachoigeuza. Maji kidogo tu yakiingia katika asetoni, rangi hubadilika kwa kiasi kinachopimika, na kwa njia hiyo watu hupima maji yaliyojificha katika vioevu.

Vilevile ziko chumvi za madini ya rutheni ambazo zikimulikwa kwa buluu hung'aa nyekundu, na chembe za maji zikizigusa mng'ao huzimika. Wataalamu huzitia katika tabaka jembamba la plastiki mwisho wa uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Mwanga huenda kwa uzi huo na jibu hurudi kwa uzi huo huo. Uzi wa namna hii waweza kuingizwa katikati ya rundo la mzigo usiofunguliwa, wala hauna umeme ndani yake wa kuleta cheche. Kwa ghala kubwa ni jambo la kutamanika. Kwa gunia la mkulima mmoja, kwa maoni yetu, chupa na kadi zatosha.

Kuhusu chembe za silika za machungwa, wanachama wenye kuweka sampuli katika mikebe wajue kwamba zikigeuka kijani zaweza kurudishwa kazini. Zitandazwe katika sinia na kuwekwa katika joue la joto kiasi, si zaidi ya nyuzi 120, hata rangi ya kwanza irudi. Joto likizidi, rangi huungua na chembe hazitasema tena, ijapokuwa bado zitakunywa unyevu. Zile za buluu msizipashe jikoni, kwa sababu tuliyoitaja ya vumbi la kobalti.

MAZOEZI YA TAWI

1. Mwanachama ana kilo 60 za karafuu zenye maji 18 kwa mia. Zikikaushwa mpaka 12 kwa mia, zitakuwa na uzito gani?

2. Maabara ilichemsha gramu 40 za karafuu katika tolueni, na mrija ukaonyesha mililita 5.2 za maji. Karafuu hizo zina maji kiasi gani kwa mia? (Mililita moja ya maji ni gramu moja.) Ikiwa mzigo wote ni kilo 200, ni kilo ngapi za maji zitolewe ili ufike 12 kwa mia?

3. Mtu alisoma kadi yake saa tisa za mchana, chupa ikiwa imewekwa dirishani penye jua, akaona doa la 60 ni buluu. Asubuhi ya pili, kabla ya jua kuchomoza, akaliona limekuwa waridi, wala hakuifungua chupa. Ni masomo yapi aliyeamini la pili ana haki?

Majibu. La kwanza: karafuu yenyewe ni kilo 49.2, na uzito mpya ni kilo 55.9. La pili: maji ni 13 kwa mia, katika kilo 200 mna kilo 174 za karafuu yenyewe, mzigo mpya ni kilo 197.7, basi zitolewe kilo 2.3. La tatu: joto la dirishani lilisukuma kobalti kwenye buluu, tena maji ya ndani ya karafuu hayakuwa yamekwisha kusawazika na hewa ya chupa. Kipimo cha asubuhi ndicho cha kufuatwa, na karafuu zirudi jamvini.